Mazoezi Yaliyokuwa Mchezo: Kamĩrĩĩthũ na Tatizo la Matini

Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda imehakikiwa kwa njia moja kwa muda mrefu mno. Mwanafunzi hukabidhiwa kitabu, huambiwa atambue maudhui ya unyonyaji, ukoloni mamboleo na unafiki wa kidini, kisha hutakiwa aeleze wahusika. Naye huandika kwamba Kĩoi ni mhusika bapa, kwamba hotuba za Gĩcaamba zimerefuka kupita kiasi, na kwamba watunzi wameitoa fani mhanga kwa ajili ya itikadi. Majibu ya namna hiyo hayana kosa kubwa endapo kinachoulizwa ni kitabu. Lakini kitabu hicho kilitoka mwaka 1980, na mchezo ulikuwa umekwisha kuchezwa, kupigwa marufuku na kumfikisha mmoja wa watunzi wake kizuizini karibu miaka mitatu kabla. Kinachosomwa darasani ni kumbukumbu ya tukio, nayo kumbukumbu hiyo huhakikiwa kana kwamba ndiyo tukio lenyewe.

Makala haya yanashikilia kwamba kazi iliyofanywa katika Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kati ya 1976 na 1982, haiwezi kupimwa kwa haki kwa kutegemea matini iliyochapishwa. Jambo jipya lililoletwa na kikundi kile katika fasihi ya Kenya lilikuwa namna ya kutunga, na kiini cha utunzi huo kilikuwa mazoezi ya hadharani. Inashangaza, tena yafaa kuwaaibisha wahakiki kidogo, kwamba serikali ya wakati ule ilililewa jambo hilo upesi kuliko idara za fasihi.

Kamĩrĩĩthũ hakikuwa kijiji cha kale. Kilianza katika miaka ya 1950 kama kijiji cha hali ya hatari, watu walipoondolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa pamoja ili wasiwasaidie wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru wakazi wake wengi walibaki kuwa vibarua katika mashamba ya majani chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilicho jirani, wachuuzi na wasio na kazi. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa hapo alimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake akamtaka aje awafaidi wanakijiji kwa elimu aliyo nayo. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ asimulia kwamba mwanamke huyo hakuchoka. Alirudi tena na tena hadi akakubaliwa. Kituo cha vijana kilichokuwa kimedorora kikapata uhai mpya. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtafiti wa elimu ya watu wazima katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza madarasa ya kusoma na kuandika kwa kufuata fikra za Paulo Freire. Na Kĩmani Gecaũ, mhadhiri wa Idara ya Fasihi, akawa mwelekezi wa michezo.

Mfuatano huu una uzito wake. Ngumbaru ilitangulia, mchezo ukafuata. Mbinu ya Freire humtaka mwanafunzi asianze na herufi tupu bali na neno linaloyagusa maisha yake, alijadili neno hilo, kisha ndipo ajifunze kuliandika. Watu waliokuja baadaye kuigiza au kutazama mazoezi walikuwa wamekwisha kuzoea kuulizwa maoni yao juu ya maneno, na kuyatoa bila kuomba radhi. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanzisha ukumbi wake wa kusafiri uliopeleka michezo mashambani bila malipo. Ulikuwa mpango wa heshima na haustahili kudharauliwa. Hata hivyo, uliwapelekea watu mchezo uliokwisha kuiva, nao wakapewa nafasi ya kuupigia makofi. Kule Limuru, mchezo uliletwa ukiwa mbichi.

Muhtasari wa mchezo ulitakiwa mwishoni mwa 1976, na mswada wa kwanza ukawa tayari kufikia Aprili 1977. Kuanzia hapo historia ya mswada ule si historia ya watunzi wawili tena. Ulisomwa mbele ya wanakijiji, ukajadiliwa, ukasahihishwa. Wazee waliteta kwamba mhusika mzee ametiwa kinywani maneno ya kijana. Kwamba mtu wa umri ule, mwenye hadhi ile, hangesema vile. Wengine walibisha juu ya namna wimbo fulani ulivyokuwa ukiimbwa wakati wa vita vya ukombozi, na ni mguu upi hutangulia katika ngoma. Wafanyakazi wa kiwandani walileta hesabu: mshahara ni kiasi gani, jozi ngapi za viatu hutoka mikononi mwa mtu mmoja kwa siku, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili humwendea nani. Kuanzia Juni mazoezi yalifanyika wazi, mwishoni mwa juma, na aliyetaka kutazama alitazama.

Hapa ndipo lawama juu ya urefu wa hotuba za Gĩcaamba zinapohitaji kuangaliwa upya. Mhusika huyu, mfanyakazi wa kiwandani na jirani wa Kĩgũũnda, huzungumza kwa mapana juu ya mshahara na faida. Ukurasani, sehemu hizo huchosha; haifai kukana. Lakini katika mazoezi hesabu ile haikuwa habari aliyopewa msikilizaji na mtunzi mjuzi. Msikilizaji ndiye aliyeitoa, naye alikuja Jumamosi iliyofuata kuona kama imewekwa sawasawa. Urefu wa usemi ni alama ya wingi wa walioutunga. Mhakiki anayeishia kusema kwamba Gĩcaamba anahubiri huwa ameona nusu ya ukweli, kwani mahubiri kwa kawaida humtoka mmoja yakaelekea kwa wengi, ilhali hapa njia ilikuwa imegeuzwa.

Tuhuma ya wahusika bapa nayo haiponi ikichunguzwa. Tajiri anayenyang'anya shamba anaitwa Ahab Kĩoi wa Kanoru, na mkewe ni Jezebel. Kwa msomaji asiye na mazoea ya Biblia, majina hayo ni mapambo ya kejeli. Kwa hadhira ya Limuru, iliyojaa watu wa kanisani, yalikuwa muhtasari wa hadithi nzima. Mfalme Ahabu wa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na Yezebeli akamtafutia njia ya kulipata. Mtu aliposikia jina la Ahab likitajwa jukwaani, tena katika mchezo ambamo hati ya ardhi imetundikwa ukutani ndani ya fremu, alijua mara moja kwamba shamba litakwenda. Na jina la Kĩgũũnda linakumbusha mũgũnda, yaani shamba lenyewe. Taharuki ya kusubiri jambo litakalotokea iliondolewa kwa makusudi tangu mwanzo, ili macho ya hadhira yahamie kwenye utaratibu wa unyang'anyi: ushauri wa kufunga ndoa upya kanisani, gharama za harusi, mkopo wa benki, dhamana ya shamba la ekari moja na nusu, kisha mnada. Mhusika mwenye tabia tatanishi angeharibu hesabu hiyo. Hadhira ya namna hii haihitaji kuelezwa siri za nafsi ya Kĩoi. Inahitaji kuona kalamu ikitia sahihi.

Jambo jingine linalopotea katika kusoma peke yake ni jengo. Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulijengwa na wanakijiji wenyewe. Ngũgĩ aeleza kwamba vijana waliubuni kwanza kwa njiti za kiberiti, wakatengeneza kielelezo kidogo, ndipo wakaujenga: jukwaa lililoinuliwa la umbo la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, kijumba cha kuhifadhia vitu na kubadilishia mavazi, na viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi. Watu zaidi ya 2,000 waliweza kukaa. Haukuwa na paa. Kutokuwa na paa aghalabu hutajwa kama dalili ya umaskini, jambo ambalo ni kweli, lakini pia ni hoja ya kisanaa. Sauti ya mazoezi haikuzuiwa na kuta. Kufikia siku ya onyesho la kwanza, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, kulikuwa na wengi miongoni mwa watazamaji waliojua mistari ya wahusika kama wachezaji wenyewe. Wazo la onyesho la kwanza, siku ambapo siri ya wasanii hufunuliwa mbele ya wageni walionunua tikiti, lilikuwa limekwisha kufa. Siku hiyo haikufunua chochote. Ilikuwa siku ya sherehe, na tofauti kati yake na Jumapili zilizotangulia ilikuwa ya kadiri tu.

Nyimbo zinastahili kuchukuliwa kwa uangalifu zaidi kuliko maudhui, kwa sababu ndizo zilizowashinda watunzi. Katika sehemu ya harusi ya kimila, ambayo Kĩgũũnda na Wangeci wanaikumbuka wakati harusi ya kanisani inatayarishwa, mchezo unatumia Gĩtiiro, utanzu wa majibizano ya kuimbwa ambao una kanuni zake za hoja na jibu, heshima na mzaha. Watunzi wawili wenye shahada hawakuujua vya kutosha kuuandika. Bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, ndiye aliyekaa nao akawapa, ubeti kwa ubeti. Msomaji wa pwani aliyewahi kuhudhuria vugo la wanawake wa Lamu au Mombasa ataelewa kwa nini jambo hili haliwezi kuwa tanbihi. Katika majibizano ya harusi, maneno ni nusu ya utunzi. Nusu ya pili ni nani amekaa upande gani, nani ana haki ya kujibu, na kimya cha muda gani kimeachwa kabla ya jibu. Yote hayo aliyajua yule bibi. Kitabu kimehifadhi maneno.

Kitabu pia kimehifadhi majina mawili jaladani. Suala hili limezua maneno mengi yasiyo na faida, wengine wakidai kwamba kijiji kiliporwa kazi yake, wengine wakijibu kwamba bila Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ hakungekuwa na mchezo. Madai yote mawili yanaukwepa ugumu wa jambo lenyewe. Watunzi hao wamekiri waziwazi mchango wa wanakijiji, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameurudia katika vitabu vitatu tofauti. Tatizo ni kwamba sheria ya hakimiliki na desturi ya uchapishaji hazina mahali pa kuandika kijiji. Zinamtambua mtu mwenye jina na sahihi, na uhakiki wa vyuo vikuu umefuata nyayo hizo bila kujiuliza. Vitabu vya uhakiki huwa na sura juu ya mtunzi. Nadra sana kuwa na sura juu ya kikao. Matokeo yake ni kwamba Ngaahika Ndeenda huwekwa katika mfululizo wa maendeleo ya Ngũgĩ, baada ya Petals of Blood na kabla ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, kama ngazi ambayo mwandishi mmoja aliipanda akiacha Kiingereza na kuingia Gĩkũyũ. Mfululizo huo ni wa kweli. Lakini ukisomwa peke yake, humgeuza yule bibi wa Gĩtiiro kuwa chanzo cha habari, naye alikuwa mtunzi.

Tafsiri zimeongeza safu nyingine juu ya tatizo hili. Mwaka 1982 mchezo ulitoka kwa Kiingereza, na pia kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda. Anwani hiyo ya Kiswahili yastahili kutazamwa kidogo. Asili yake ni wimbo unaoimbwa na mlevi apitaye njia mbele ya nyumba ya Kĩgũũnda. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kuoa na kuolewa, hivyo anwani yake haisemi lolote juu ya jinsia ya anayesema. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo: anayetafsiri hulazimika kuchagua kati ya aoaye na aolewaye, na uchaguzi uliofanywa ukaitia sauti ya kike katika jalada la kitabu. Mtazamaji wa Limuru alimwona mlevi akipita na mara moja alijua anayemsikia ni nani. Msomaji wa Kiswahili, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, humfikiria Gathoni, binti wa Kĩgũũnda, au hata Wangeci. Si kosa la mfasiri. Ni mfano mdogo wa jinsi sarufi ya lugha inavyoweza kuelekeza jicho mahali ambapo jukwaa halikulielekeza.

Na Gathoni ndipo kasoro ya kweli ya mchezo inapoonekana, kasoro ambayo utukuzaji wa mazoezi haupaswi kuifunika. Binti huyu anadanganywa na John Mũhũũni, mwana wa Kĩoi, anapata mimba, anaachwa, na hatimaye anakuwa mhudumu wa baa. Njia hiyo imekanyagwa na mabinti wengi mno katika fasihi ya Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba mchezo haumlaumu. Gĩcaamba anamtetea na kuwataka wazazi wasiwakane watoto wao. Hata hivyo, utetezi wake umewekwa katika kinywa cha mwanamume wa makamo. Hesabu ya mshahara wa kiwandani ilikuwa sahihi kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda walikuwepo kikaoni. Katika maisha ya Gathoni baada ya kuondoka nyumbani hamna usahihi wa namna hiyo: hamna hesabu ya mshahara wa baa, hamna lugha ya wanaofanya kazi huko, hamna hata mzaha wao. Mswada wenyewe unadokeza ni nani aliyekuwa na sauti katika mazoezi na ni nani hakuwa nayo. Utunzi wa pamoja hauondoi upendeleo wa jamii. Huuweka wazi zaidi, kwa sababu kila palipo na ujuzi wa watu huonekana, na kila palipokosekana pia huonekana. Kwa njia hii mbinu ya Kamĩrĩĩthũ humpa mhakiki kipimo kikali kuliko vile alivyozoea: yampasa kuuliza, katika kila onyesho, kikao kilijua nini.

Marufuku ya kwanza ilikuja upesi na yaweza kusimuliwa upesi. Tarehe 16 Novemba 1977, wiki sita hivi baada ya onyesho la kwanza, leseni ya mkusanyiko ilifutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini Kamĩtĩ bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mcheza kwao hutunzwa, wasema Waswahili. Waliocheza Kamĩrĩĩthũ walitunzwa na kijiji, na serikali ikawa na tuzo yake.

Lakini yafaa kuangalia ni kitu gani hasa kilichofutwa. Kilichoondolewa mwaka 1977 ni ruhusa ya watu kukusanyika mahali pale. Mwaka 1980 maneno yaleyale, na majina yaleyale ya Kĩoi na Jezebel, yalichapishwa Nairobi kwa Gĩkũyũ na kuuzwa madukani, nayo yakanunuliwa kwa wingi. Hakukuwa na askari mlangoni pa duka la vitabu. Maofisa waliofanya maamuzi hayo hawakuwa wahakiki wa fasihi, lakini walitofautisha kati ya matini na mkutano, wakaona hatari iko upande gani. Nadharia nzima ya makala haya ilikuwa imeandikwa katika faili za utawala kabla haijaandikwa na mwanachuo yeyote.

Mchezo wa pili unalithibitisha jambo hili kwa ukali zaidi, kwa kuwa wenyewe haukuwahi kuwa na kitu kingine ila mazoezi. Maitũ Njugĩra, Mama Niimbie, ulirudi nyuma hadi siku za ukoloni, za kipande na kazi ya kulazimishwa. Uliegemea wimbo, ngoma na uigizaji bubu kuliko mazungumzo, na ulichota nyimbo za jamii nyingi za Kenya, si za Wagĩkũyũ pekee. Huenda kikundi kilikuwa kimejifunza kutokana na Gĩtiiro kwamba nguvu yake kubwa haikuwa katika hotuba. Kwa vyovyote vile, badiliko hilo la fani ni hatua mbele ambayo uhakiki haujaipa haki yake, na sababu ni nyepesi: mchezo huu haukufuata njia ya mwenzake ya kutoka kitabuni kwa lugha tatu katika miaka miwili, na wahakiki hawakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Ulikusudiwa kufunguliwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, Nairobi, tarehe 19 Februari 1982. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sura ya 222, urithi wa siku za kabla ya uhuru, mchezo haukuweza kuonyeshwa bila leseni. Leseni haikutolewa. Siku ilipofika, wachezaji waliikuta milango imefungwa. Wakarudi katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na kile ambacho sheria haikuwa imekitaja: mazoezi. Habari zikaenea. Watu wakaanza kufika saa nyingi kabla ya jioni. Wakajaa vitini, ngazini, milangoni. Kwa makadirio ya waliohusika, walioona mazoezi hayo walizidi 10,000, na wengi miongoni mwao hawakujua Gĩkũyũ. Kisha ukumbi huo nao ukafungwa.

Tangu hapo neno mazoezi halina maana yake ya kawaida katika historia ya tamthilia ya Kenya. Kwa kawaida mazoezi ni maandalizi ya kitu kitakachokuja, na kasoro zake husamehewa kwa sababu hiyo. Maitũ Njugĩra haukuja kamwe kwa namna nyingine. Aliyeuona aliuona ukiwa mazoezi; hakuna onyesho rasmi la kuulinganisha nalo. Ikiwa mhakiki atashikilia kwamba kazi ya sanaa ya jukwaani hukamilika siku ya onyesho rasmi, atalazimika kusema kwamba mchezo uliotazamwa na maelfu ya watu haukuwahi kuwepo. Ikiwa atashikilia kwamba matini ndiyo kazi, atabaki mikono mitupu. Ingrid Björkman, mtafiti kutoka Sweden, alichukua njia ya tatu katika kitabu chake cha 1989 kuhusu mchezo huu: aliwatafuta waliotazama akawauliza waliona nini, walielewa nini. Yaweza kusemwa kwamba utafiti wake unaamini mno kumbukumbu za watazamaji walioguswa na marufuku yenyewe, kwani mtu hukikumbuka kwa upendo kile alichonyang'anywa. Pamoja na hayo, swali lake lilikuwa swali sahihi, na ni aibu kwamba lilihitaji kusafiri kutoka mbali.

Upande wa Tanzania, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipofanya kazi ya sanaa za maonyesho pamoja na wanavijiji wa Malya, Msoga na Mkambalani katika miaka ya 1980, hawakuwa na mswada uliotangulia wala mtunzi mwenye sifa wa kuutilia sahihi. Hivyo maandishi ya Penina Mlama juu ya kazi hizo hayakuwa na budi kueleza hatua: nani alikusanywa, tatizo gani lilitajwa, ngoma gani ilichaguliwa kulibeba, mjadala ulikwenda wapi baada ya onyesho. Kenya ilikuwa na mswada na jina kubwa, na wingi huo ndio uliowafanya wahakiki wake kuwa wavivu.

Tarehe 11 Machi 1982 usajili wa kituo ulifutwa na shughuli zote za maigizo zikapigwa marufuku katika eneo hilo. Siku iliyofuata polisi wenye silaha walifika na malori wakaubomoa ukumbi hadi chini. Kikundi kilikuwa kimealikwa Zimbabwe, hakikuruhusiwa kwenda. Wakuu wake ndio waliokwenda, na kwa njia nyingine. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia huko, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ akatumia miaka iliyobaki ya maisha yake kuendeleza michezo ya kijamii nchini humo hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2008. Historia ya mbinu ya Kamĩrĩĩthũ baada ya 1982 yapasa kuandikwa Harare kwa kiasi kikubwa, ingawa mitaala ya Nairobi huimalizia Limuru, kwenye vifusi.

Kuhusu ushahidi kuna onyo moja la kutolewa. Karibu kila kinachofahamika juu ya mazoezi ya 1977, yakiwemo mengi yaliyotumika katika makala haya, kimetoka katika Detained (1981), Barrel of a Pen (1983) na Decolonising the Mind. Kazi ya kikundi imehifadhiwa kwa sauti ya mtu mmoja, tena mtu aliyekuwa akiandika akiwa na kesi ya kujibu mbele ya ulimwengu. Masimulizi yake ni ya ukarimu, lakini yamechagua. Yanasimulia jinsi mvua ilivyokatiza onyesho mara kadhaa na watazamaji wasiondoke; hayakawii juu ya mabishano ambayo hayakwisha, juu ya waliochoka wakaacha, juu ya nani alipika na nani alibaki na watoto wakati mama zao wanaimba. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha kikundi cha maigizo kijijini anajua kwamba mambo hayo yalikuwepo. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025, na waliokuwa vijana wa kupanga njiti za kiberiti sasa ni wazee. Mtafiti wa shahada ya uzamili anayetafuta mada angeweza kuanza na swali dogo tu: ni mstari gani katika kitabu kilichochapishwa ambao mchezaji fulani anakumbuka aliutoa yeye, na upi anakumbuka ulikataliwa.

Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulichezwa hatimaye katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, jukwaani palepale ambapo Maitũ Njugĩra ulikosa kupandishwa miaka 40 kabla. Watu wakajaa, magazeti yakaandika, na hapana shaka ilikuwa haki iliyochelewa. Uhakiki ulioandikwa ulijadili uigizaji, muziki, na kama maneno ya 1977 bado yanauma. Swali la mshahara halikuguswa sana. Kiasi alichotaja Gĩcaamba ni cha shilingi za 1977, na mtazamaji wa leo hukisikia kama bei za zamani, jambo la kuchekesha kidogo. Kule Limuru, mazoezi yangekuwa yameusimamisha mstari huo, mtu akasimama kutoka viti vya nyuma akataja kiasi anacholipwa yeye mwezi huu, na mswada ukabadilishwa kabla ya Jumapili.